Boti Niliyomuuzia Mwalimu Elia

Mkonze, Jumamosi alasiri

Nyemo mwanangu,

Umekwenda kusuka na umesema hutarudi kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika bila wewe kuchungulia. Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga mlango na kupiga simu ukifika, baba yako ameshakuambia, tena ameyarudia mpaka ukawa unaitikia bila kusikia. Sitayagusa. Mimi nina jambo moja tu, na ni baya.

Basi lako la kwenda Sumbawanga linapita njia ya Iringa. Baada ya mwendo wa kama saa mbili litapita juu ya tuta la bwawa la Mtera, na wewe hupenda kukaa dirishani. Utayaona yale maji na ile miti mikavu iliyosimama ndani yake. Wauza samaki watakimbilia madirisha. Miaka saba sasa neno boti halijatamkwa ndani ya nyumba hii, na sitaki uyapite yale maji kabla sijasema nilichopaswa kusema zamani.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Kila mtu Dodoma alikuwa anajenga, na duka langu la vifaa vya ujenzi lilikuwa limechangamka. Baba yako alikuwa bwana mifugo Mpwapwa, anarudi Ijumaa na kuondoka Jumatatu alfajiri. Nyumba yetu ilikuwa imepigwa rangi na ina makochi mapya, na hakuna aliyekaa sebuleni. Wewe chumbani na simu, wadogo zako kwa jirani, mimi dukani. Ndipo nikasema tununue boti ndogo, tuwe tunakwenda Mtera siku za mapumziko sote watano. Nilisema ni kwa ajili ya familia, na nusu yake ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba mke wa mkubwa mmoja aliyehamia kutoka Dar es Salaam alikuja dukani kununua vigae, akanionyesha picha zake akiwa kwenye boti na wanawe, miwani ya jua usoni. Alikuwa akinionyesha kwa wema tu. Mimi usiku wake sikulala vizuri kwa wivu.

Unakumbuka siku tulipokwenda kuchagua. Pale mwaloni, wanaposhushia samaki, palikuwa na boti mbili za kuuzwa.

Ya kwanza ilikuwa ya Bi Mwanaidi, yule mama wa Kirangi kutoka Kondoa aliyekuwa akinunua samaki kwa wavuvi na kwenda kuuza mjini. Mgongo ulikuwa umemsumbua, akataka kuacha kazi ya majini. Boti yake ya faiba ilikuwa ya kijivu iliyopauka, ina viti vya mbao tupu, na ilikuwa inanuka samaki. Magamba yalikuwa yamekaukia kwenye kingo. Ulimwamkia shikamoo, akakuitikia, kisha akatugeukia.

"Nisiwafiche," alisema. "Hapa mbele iligonga kisiki, nikaziba. Kiraka ni hiki, kishikeni. Injini asubuhi hugoma, mtaivuta kamba mara tano au sita. Ikishawaka haizimi. Harufu mkiosha kwa sabuni wiki mbili itakwisha."

Akainua mbao za sakafu moja moja, mwenyewe, na mgongo wake ule, ili tuone chini. Palikuwa pakavu.

Ya pili ilikuwa ya Gervas. Nyeupe, ina mstari wa buluu, viti vya sponji, kivuli cha turubai, zulia jekundu na spika ya muziki. Alinishika mkono nipande kabla sijaomba. "Mheshimiwa," aliniambia, mimi muuza saruji, "boti hii ilikuwa inamngoja mtu wa aina yako. Wengine wamekuja, nikawaambia imeshachukuliwa."

Baba yako alipiga magoti, akawa anagonga sakafu kwa vidole na kusikiliza, kama afanyavyo kwa ng'ombe aliyevimba tumbo. "Mama Nyemo, huku nyuma panabonyea," alisema. "Na hili zulia mbona limegundishwa mpaka kwenye kona? Nataka kuona chini." Gervas akasema likifunuliwa litaharibika. Baba yako akasema basi yeye angechukua ya yule mama.

Nikamwambia, mbele ya watu: "Wewe umesomea matumbo ya ng'ombe. Boti umeanza lini?"

Gervas alicheka. Na mimi nikacheka naye. Ukiniuliza ni kitu gani kinanitia kinyaa zaidi katika siku ile, si boti. Ni kile kicheko, mimi na mtu nisiyemjua hata nusu saa, tukimcheka mume wangu aliyepiga magoti kututafutia usalama. Yeye alijipangusa suruali akasema, "Sawa." Tulipokuwa tunaondoka nilipita karibu na boti ya Bi Mwanaidi nikaziba pua kwa mtandio. Sikuwa na haja ya kuziba. Nilitaka anione.

Safari tatu za kwanza zilikuwa tamu, hilo siwezi kulikana. Baba yako alikuwa anavua perege, wadogo zako wanapigana kwa ajili ya kiti cha mbele, na wewe uliimba njia nzima siku ile tulipowaona viboko. Nilipiga picha nikazituma kwa kila mwenye simu. Safari ya nne boti ikawa nzito, nyuma inazama kuliko mbele. Ya tano ikaanza kunuka. Harufu ile haikuwa ya samaki. Ilikuwa kama ya kidonda kilichofungwa bila kusafishwa. Nikanunua marashi ya chooni nikapuliza.

Harufu ilipozidi, tulikwenda wewe na mimi kumwona fundi wa pale mwaloni. Baba yako alikuwa Mpwapwa. Fundi alishika pembe ya zulia akalivuta, likatoka na vipande vya mbao nyeusi vilivyomeguka kama mkate uliolowa maji. Chini ya mbao kulikuwa na lile povu gumu linalojazwa ili boti isizame. Lilikuwa limenyonya maji miaka na miaka. Fundi alipolikandamiza yakatoka meusi, mazito, na ndani yake funza wanajinyonganyonga na chura aliyeoza miguu. Ulikimbia pembeni ukatapika. Kisha fundi akachukua bisibisi, akaisukuma kwenye ubao wa nyuma unaobeba injini. Iliingia mpaka kwenye mpini, na hakutumia nguvu.

"Mama," alisema, "hapa pameoza pote. Siku moja injini itaondoka na mgongo wa boti. Usipakie watu."

Nikamuuliza habari ya kutengeneza. Akasema ni kubomoa nyuma yote na kuanza upya, na kwamba kwa gharama yake ningeona heri kununua nyingine.

Usiku huo nilimpigia baba yako simu. Hakunikumbusha lolote. Alisema, "Tuivute nchi kavu tuichome moto, yaishe." Nikamwambia nitafikiria. Kesho yake nilimpigia fundi nikamwambia aweke mbao nyembamba juu, apake rangi, agundishe zulia jipya. "Nimekuambia usipakie watu," alirudia. Nikamjibu, "Nimesikia. Sitapakia."

Na kweli sikupakia. Niliuza.

Mwalimu Elia alikuja na mkewe kutoka Mvumi. Alikuwa mwalimu wa hisabati na mwongoza kwaya, mtu wa sauti ya chini. Alikuja na daftari la shule. Aliuliza swali, akaandika jibu, akauliza jingine. Inabeba watu wangapi? Imewahi kugonga? Zulia mbona jipya? Nikajibu kwamba la zamani lilichakazwa na watoto. Alipokuwa anasitasita nilisikia maneno yananitoka, "Mwalimu, boti hii ilikuwa inamngoja mtu wa aina yako." Neno kwa neno. Hata ile namna ya kuinamisha kichwa ilikuwa ya Gervas.

Ndipo akakugeukia wewe.

"Na wewe binti, mmeifurahia? Haina shida?"

Ulinitazama. Wewe unajua nilikutazama vipi. Sikusema neno, lakini mtoto anayajua macho ya mama yake, na yale yalikuwa yakikuambia kwamba ukifungua mdomo vibaya utanitambua tukifika nyumbani. Ukatazama miguu yako ukasema, "Haina shida, mwalimu." Na hilo nalo akaliandika.

Baba yako alirudi Ijumaa akakuta boti haipo. Aliniuliza swali moja: "Ulimwambia?" Nikasema mwalimu alikagua mwenyewe na ana macho. Alichukua sahani yake ya ugali na mlenda akaenda kula uani, karibu na tangi la maji. Alikula huko karibu mwezi mzima. Afadhali angefoka.

Lililotokea baadaye tuliambiwa na yule fundi kwa simu. Mwalimu aliwapakia mkewe, wanawe watatu na mama mkwe. Wakiwa mbali na ukingo ubao wa nyuma ukang'oka na injini yote, maji yakaingia kwa mkupuo. Tangi la petroli likapinduka. Binti yao mdogo, Damari, aliyekuwa na miaka mitano, alilishika lile tangi akiwa ndani ya maji yenye mafuta, hakuachia, na petroli ikamchoma ngozi kutoka shingoni mpaka kiunoni. Bwawa lile lina mamba. Aliyewafuata ni Bi Mwanaidi, maana boti yake ilikuwa haijapata mnunuzi. Fundi alisema alivuta ile kamba mara sita huku analia kwa maumivu ya mgongo, ikawaka, akawatoa wote sita. Damari alilala hospitali majuma mengi.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikatoa shukrani. Ulikuwa umekaa benchi la tatu. Nilisema kuna familia Mungu ameiokoa majini na naomba tuwaombee. Watu wakaitikia amina. Mama mmoja akanishika bega akasema nina moyo wa huruma, na mimi nikainamisha kichwa nikaipokea sifa ile.

Kisha mwalimu akaja hapa nyumbani. Alibisha kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akaketi pembeni kabisa ya kochi kama anaogopa kulichafua. Daftari alikuwa nalo. Nilijua amekuja kunishtaki, nikawa nimeshapanga la kujibu. Akasema hivi:

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Boti yako nimeiua."

Sikuelewa. Akaendelea. "Tulikuwa sita, na nafikiri nilizidisha mwendo. Mke wangu anasema ni mimi, nilikuwa najionyesha kwa mama yake. Hataki kuongea na mimi. Wewe uliyeizoea ndiye unayeijua. Niambie, ni mwendo?"

Mtu yule alikuwa amenipa mlango, Nyemo. Alikuwa ameufungua mwenyewe na kusimama pembeni ili nipite. Nilichopaswa kusema hakikufika maneno kumi. Nikamwambia, "Itakuwa mwendo, mwalimu. Boti zinataka taratibu."

Ulikuwa umesimama mlangoni na sinia la soda. Uliliweka mezani, ukafungua soda ya mgeni, ukatoka bila kunitazama. Yeye akanishukuru. Alinishukuru, akaenda zake Mvumi kumwambia mkewe kwamba ni kweli, ni yeye aliyemuunguza mtoto.

Jumamosi yake uliaga unakwenda kusoma kwa rafiki. Ulirudi jioni, viatu vimejaa vumbi la njia ya Mvumi. Ukasimama mbele yangu ukasema, "Nimetoka kwa Mwalimu Elia. Nimemwambia ukweli."

Nilikupiga kofi. Uliyumba ukashika meza. Nikakuambia umenivua nguo mbele ya watu, umeniuza, mtoto niliyekuzaa. Hukulia wala hukujitetea. Baba yako alitokea mlangoni, akakuchukua kwa mkono mkatoka nje, na kabla ya kutoka akaniambia, "Huyu amefanya kazi yako."

Nikakaa nikingoja polisi. Nikangoja mwalimu arudi na wazee wa kanisa. Hakuja mtu. Wiki zikapita, nikaona nimepona, nikaanza kuyasahau yote isipokuwa moja: kwamba wewe ulinisaliti. Hilo nililitunza. Kila ulipofanya vizuri shuleni nilifurahi kwa nje, na ndani nikasema, huyu ndiye aliyenitangaza. Ulipopata diploma ya maabara nilichinja mbuzi, na sikuweza kukukumbatia. Labda uliona. Nadhani uliona.

Wiki mbili zilizopita uliacha fomu zako za ajira juu ya friji. Nilizisoma, ndiyo. Mahali pa kuandika ndugu wa karibu wa kupigiwa simu ukipata tatizo, uliandika baba yako. Mahali pa mtu wa pili uliandika shangazi yako wa Kondoa, ambaye mnaonana Krismasi. Nilisimama pale jikoni mpaka uji ukamwagika.

Jumanne nilifunga duka nikapanda basi la Mvumi. Sikuwaambia, wewe wala baba yako. Aliyenifungulia mlango ni msichana wa miaka kumi na miwili. "Shikamoo," alisema, akaniletea kigoda. Aliponyoosha mkono nikaona kovu limepanda kwenye shingo, ngozi inang'aa na kuvutika. Sikuhitaji kuuliza jina.

Mke wa mwalimu alitokea, akanitambua, akarudi ndani bila salamu. Ana haki. Mwalimu amezeeka, amestaafu. Nilimwambia yote: bisibisi, zulia, macho niliyokutazama nayo, ile soda. Nilisema bila kulia, maana nilijiambia nikilia nitakuwa nimetoa shukrani kanisani kwa mara ya pili. Fedha yake nilikuwa nimekuja nayo, na hiyo ndiyo ilikuwa sehemu rahisi, sitaizungumzia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Binti yako alipokuja hakukutaja."

Nikamwambia mimi mwenyewe nilimsikia akisema amesema ukweli.

"Alisema ukweli wake," akanijibu. "Alisema: mwalimu, nilijua ubao umeoza, nilimwona fundi akiingiza bisibisi, na uliponiuliza nikakuambia haina shida. Akaniomba nilitoe daftari nilifute jibu lake. Nikamuuliza, na mama yako je? Akatazama miguu yake. Nikamuuliza tena, akaanza kulia, nikamwacha. Mke wangu alikuwa amesimama hapo mlangoni. Tangu saa ile aliacha kunilaumu."

"Kwa hiyo ulifikiri mimi sikujua?"

"Mtoto wa miaka kumi na minne hauzi boti, mama," alisema. "Nilijua. Nilidhani utakuja."

Nikasema amengoja miaka saba.

"Mimi sikungoja," alisema. "Nilikuwa na mtoto wa kupeleka kliniki. Uliyekuwa unangoja ni wewe."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa, Nyemo. Kofi lile nilikupiga kwa kosa ambalo hukulifanya, na kwa miaka saba nimekununia kwa usaliti ambao haukuwapo. Ulikwenda peke yako, kwa hela za kununulia madaftari, ukabeba sehemu yako, na yangu hukuigusa. Uliniachia niibebe mwenyewe. Mimi niliiacha pale pale.

Watu wakiandika barua kama hii huweka mafundisho. Nimejaribu kutafuta, na kila nikilipata moja naona ulilijua ukiwa na miaka kumi na minne. Nina wasiwasi na jambo dogo tu. Nimeona bado una tabia ya kutazama miguu yako mtu akikuuliza swali gumu. Hukuzaliwa nayo. Niliiona ikianza pale mwaloni. Huko maabara daktari atakuuliza majibu ya mgonjwa, na mkubwa fulani atasimama nyuma yako akiwa na macho kama yale yangu. Mtazame daktari. Yule mwingine mwache anune. Mimi nimenuna miaka saba na hukufa.

Sikuombi unisamehe, wala usiniandikie kwamba yamekwisha. Damari hajasema yamekwisha. Baba yako nitamsomea barua hii nikimaliza, kwa sababu hata yeye sijawahi kumwambia habari ya ile soda, na ile siku ya kumcheka sijawahi kumwomba radhi. Nitaanza na hiyo.

Nilifikiri kuificha chini ya nguo zako uikute ukifika Sumbawanga, ili nisiwepo ukiisoma. Nimebadili. Naiweka juu ya begi lako, uisome leo. Kesho utakapokuja kuniaga, nataka uwe unajua ni nani unayemuaga.

Mama yako